Jinsi ya kuifundisha redio ya mtandaoni ikuletee muziki ambao hujawahi kuusikia

Mi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Majengo hapa Dodoma, na toka saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia mikono iko bize, macho yako bize, masikio tu ndo hayana kazi. Kwa hiyo muziki kwangu siyo wa wikiendi, ni wa kila siku masaa nane masaa tisa, na mtu akisikiliza muziki muda wote huo anajua mapema tu kwamba redio ya kawaida ina nyimbo zake ishirini hivi za msimu, asubuhi zinapita, mchana zinarudi, jioni zinarudi tena. Redio zetu nazipenda, taarifa ya habari nasikilizia huko huko na mpira pia, ila ukitaka muziki ambao hujawahi kuusikia kabisa njia inayofaa ni hizi redio za mtandaoni zinazojifunza unachopenda halafu zinakutengenezea stesheni yako mwenyewe. Nina miaka mitatu sasa nazitumia, na wateja kila siku ni "dada fundi hizi nyimbo unazitoa wapi", basi nimeona niandike yote hapa ili mtu akitaka kuanza leo aanze.

Kitu cha kukishika kabla ya vyote ni kwamba redio hizi zinakujua kwa unachofanya. Unaweza kuwaambia watu wote unapenda taarab, lakini kama kila taarab ikianza unairuka hata nusu dakika haijafika, yenyewe imeshaandika huyu taarab hataki. Na ukilala simu inaimba usiku kucha, imeandika umesikiliza masaa saba ya kitu ambacho hukukisikia hata kidogo. Watu wengi wanalalamika programu inawaletea nyimbo za ajabu ajabu, ukiwauliza wameitumiaje unakuta hawajawahi kuifundisha chochote, wamefungua wakaacha.

Ngoja nieleze kidogo inavyofanya kazi maana ukijua hapo mengine yote yanaeleweka. Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni watu kukaa chini na kusikiliza. Pandora ya Marekani ndo maarufu kwa hii, wana mradi wao wanauita Music Genome Project, wanamuziki waliosomea wanachukua wimbo mmoja mmoja na kuuandikia sifa zake, sauti ya mwimbaji ikoje, gitaa limepigwaje, mapigo yana kasi gani, waitikiaji wapo au hawapo, na sifa zinaweza kufika 450 kwa wimbo mmoja. Redio yenyewe ilifunguliwa 2005. Ukitaja wimbo unaoupenda inakutafutia mingine yenye sifa zinazokaribiana hata kama aliyeimba hajulikani na yeyote, na hapo ndo uzuri wake ulipo. Pandora kwa sasa inafanya kazi Marekani tu kwa sababu ya mambo ya leseni, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta ukiwa Nkuhungu hapa Dodoma, ila nimeitaja kwa sababu kuna jambo la kujifunza kwao. Kule Marekani kuna sheria ya mwaka 1998 inayosema redio ya mtandaoni ya aina hiyo isipige zaidi ya nyimbo nne za msanii mmoja ndani ya masaa matatu. Yaani hata ikitaka kukupa msanii mmoja siku nzima haiwezi, inalazimika kutembea iende kwa wengine. Mi hiyo nimeichukua nikaifanya kanuni yangu hapa dukani, nitaieleza mbele.

Njia ya pili ni kufuata nyayo za wasikilizaji. Hii ilipata jina sana na Last.fm ya London, iliyoanzishwa 2002, wao walikuwa na kijiprogramu kinachoandika kila wimbo unaopiga kwenye kompyuta halafu kinakulinganisha na watu wengine wanaopiga nyimbo kama zako. Ni sawa na mama muuza mboga pale soko la Majengo, hajasomea hesabu za kompyuta lakini anajua anayenunua mlenda mara nyingi atataka na karanga, kwa hiyo akikuona umeshika fungu la mlenda anakuuliza na karanga nikupimie? Mashine nayo inafanya hivo hivo, waliosikiliza huu wengi walisikiliza na ule, basi wewe ambaye umesikiliza huu tu inakusogezea ule. Programu za muziki kama Spotify na YouTube zinaegemea sana huku, ingawa Spotify mwaka 2014 ilinunua pia kampuni ya Marekani inaitwa Echo Nest iliyokuwa inachambua sauti ya wimbo wenyewe kwa kompyuta, kwa hiyo wanachanganya.

Sasa tazama hii inatuathiri vipi sisi. Njia ya nyayo inahitaji watu wengi wawe wamepita. Wimbo wa staa mkubwa wa bongo fleva una nyayo mamilioni kwa mamilioni, kwa hiyo kila kinjia kinarudi kwake, na ndo maana ukianzisha stesheni kwa jina la staa anayeimbwa kila bajaji, nyimbo kumi zitakazofuata unazijua zote, umetoka redio ya kawaida umeingia redio ya kawaida nyingine. Halafu upande wa pili kuna ngoma ya kijijini Chamwino ambayo mtu aliirekodi vizuri kabisa akaiweka mtandaoni na wameisikiliza watu mia mbili, hiyo mashine haina pa kuishikia, haijui imfuatishie nini. Muziki mpya unaoutafuta uko katikati ya hao wawili, na kazi yako ni kuiingiza redio hapo katikati.

Unaiingiza kwa mbegu. Mbegu ni ule wimbo wa kwanza unaoipa na kuiambia anzia hapa. Kwenye Spotify, ambayo ilifika Tanzania mwaka 2021, unatafuta wimbo, unagusa vidoti vitatu pembeni ya jina lake halafu unatafuta palipoandikwa redio, basi inakutengenezea stesheni kutokana na wimbo huo. YouTube ukifungua wimbo mara nyingi inakuletea orodha yake inaiita Mix, ni jambo lile lile. Kama simu yako ni Tecno au Infinix au itel huenda ulikuta Boomplay imeshawekwa tayari, nayo inafaa sana kwa muziki wa Afrika. Mi siwezi kukwambia hii ndo bora kuliko zote maana inategemea unasikiliza nini na bando lako likoje. Chagua moja tu uikalie mwezi mzima, ukirukaruka kwenye programu tatu kila moja inakujua theluthi.

Kwenye kuchagua mbegu watu ndo wanakosea zaidi. Kwanza chagua wimbo, usichague msanii. Msanii mmoja leo ameimba mapenzi, kesho amefanya singeli, keshokutwa ana wimbo wa dini, ukimpa mashine jina lake inachukua ule uliovuma zaidi, na huenda wewe ulikuwa unamaanisha ule wa tatu kutoka mwisho kwenye albamu. Pili jiulize ni kitu gani hasa ndani ya wimbo kinakushika. Kaa usikilize kwa utulivu, mara mbili hata tatu. Ni gitaa? Ni yale maitikio ya nyuma? Ni besi? Ni mwendo wake wa polepole? Mi niligundua kumbe nyimbo za dansi za zamani nilizokuwa nazipenda siyo waimbaji wanaonivuta, ni lile gitaa la pili linalozunguka zunguka halichoki, nikaanza kuchagua nyimbo ambazo gitaa hilo linasikika wazi, stesheni ikanipeleka Kongo, ikanipeleka Kenya kwenye benga, wiki ya pili nikajikuta niko Madagascar kwenye magitaa ambayo sikujua kama yapo duniani. Siku hiyo nilisimamisha cherehani kabisa nikakaa kusikiliza.

Tatu, usitumie mbegu inayojulikana sana. Ukitaka muziki usioujua mpe mashine wimbo unaoupenda ambao majirani zako hawaujui. Kama unao mmoja tu wa hivyo basi anza na huo huo.

Nitaeleza mfano mmoja kwa kirefu maana ndo umenifundisha zaidi. Mzee Hukwe Zawose ni mtu wa huku kwetu, Mgogo, Mwalimu Nyerere ndo alimwita Dar es Salaam, akaja kufundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, akarekodi mpaka na Real World, ile lebo ya Peter Gabriel wa Uingereza, na alifariki 2003. Kwa hiyo yeye tofauti na wapigaji wengi wa huku ana nyayo duniani, mashine inamjua. Nikachukua wimbo wake mmoja ambao ilimba, kile chombo cha Wagogo cha vijichuma kinachopigwa kwa vidole gumba, inasikika peke yake mwanzoni kabla hajaanza kuimba, nikaufanya mbegu, nikarudi kwenye kazi yangu. Wimbo wa kwanza uliofuata ni wa mbira ya Zimbabwe. Wa pili sijui ulitokea wapi nikauruka. Wa tatu ni kora, ile ya nyuzi nyingi ya Mali na Gambia na nchi za upande ule. Nikiwa hapo kwenye kora akaingia mzee mmoja mteja wangu wa Bahi, ana suruali ya kitambaa kizito anataka nipunguze kiuno. Nikamwamkia shikamoo mzee, akanijibu marahaba mwanangu halafu akasimama palepale mlangoni hajaniambia hata shida yake, ameinamisha kichwa upande wa spika. Nikadhani haisikii vizuri nikataka kupunguza, akanizuia kwa mkono, "Acha kwanza." Wimbo ukaisha ukaja mwingine wa mbira. Akasikiliza karibu wote, mwisho akasema, "Hii siyo ya kwetu, lakini ni ndugu yake na ilimba, huyu anapiga vidole gumba vyote viwili kama sisi." Nikamrudishia wimbo wa mzee Zawose ulioanzisha yote, akacheka akasema mbukwenyi, kama vile anamsalimia mtu aliyeingia dukani.

Toka siku hiyo naamini hii njia kweli kweli. Ile mashine haijui Mgogo ni nani, ila imefuata nyayo za watu wasiojuana ikafika kwa ndugu wa ilimba, na mzee wa Bahi ambaye hana hata simu kubwa akathibitisha kwa masikio yake. Na ukitaka kufuata mstari huo huo kwa wakati wa sasa, tafuta Zawose Queens, ni wanawake wa ukoo wa mzee mwenyewe, albamu yao ilitoka Real World 2024, wanaimba na kupiga vyombo ambavyo zamani vilihesabika vya wanaume. Hiyo nayo ni mbegu nzuri sana.

Ukishaotesha, wiki mbili za kwanza ndo za malezi. Usiiache iimbe peke yake. Mi nilijiwekea nusu saa asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, simu mkononi, nasikiliza na kuiambia. Wimbo ukinigusa nabonyeza kile kimoyo au kidole gumba juu, ukinichukiza kidole chini, ukiwa katikati nauacha upite wenyewe. Hapo kwa wa katikati watu wanashindwa, wanaruka ruka kila kitu ambacho hakijawashika sekunde ya kwanza. Usiruke haraka. Muziki mgeni unahitaji muda, sikio halijauzoea, kuna nyimbo zangu nazipenda leo kama roho yangu ambazo siku ya kwanza nilitaka kuziruka. Upe wimbo dakika moja, ikifika dakika bado hamna kitu basi ruka kwa amani. Na usibonyeze moyo kwa kila kitu pia, ukisifia vyote umeiambia hujali. Mi kwenye nyimbo kumi nabonyeza mbili, tatu zikizidi.

Halafu ile kanuni ya nyimbo nne niliyoitaja. Stesheni ikianza kunipa msanii yule yule tena na tena najua imekwama, basi siifundishi tena hapo, nachukua wimbo mmoja wa mtu mgeni ambao stesheni hiyo hiyo ilinipa nikaupenda, naufanya mbegu mpya. Unatoka kwa mtu unaenda kwa jirani yake, kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani wa jirani. Hatua tatu nne hivi umeshafika mbali sana na ulipoanzia, na njia nzima umepita mwenyewe unaikumbuka.

Spotify pia kila Jumatatu inakutengenezea orodha ya nyimbo 30 inaitwa Discover Weekly, walianza nayo 2015, na Ijumaa kuna nyingine ya nyimbo mpya zilizotoka. Ile ya Jumatatu ndo kipimo changu. Ikija na nyimbo 30 ninazozijua nusu yake najua wiki iliyopita nilikuwa mvivu, nilisikiliza yale yale. Ikija na ugeni mwingi nafurahi. Zisikilize ndani ya wiki hiyo na uhifadhi ulizozipenda maana Jumatatu inayofuata zinabadilishwa zote.

Jambo la watoto na simu. Kwangu stesheni iliharibika vibaya mwaka juzi, nilisafiri kwenda Kondoa kwenye msiba nikaacha simu ya dukani nyumbani, watoto wa dada yangu wakawa wanapiga nyimbo za katuni siku nne mfululizo. Nimerudi nafungua naletewa bata na mabasi ya njano. Ilichukua karibu mwezi kuirudisha. Kama simu ni ya familia fanyeni akaunti tofauti, na kama haiwezekani basi kwenye Spotify kuna sehemu ya kusikiliza kwa faragha ambayo haihesabu, na pia unaweza kuitoa orodha fulani isihesabike kwenye ladha yako, kwenye YouTube unasimamisha historia kabla hujampa mtoto. Hivo hivo ukienda kupiga muziki wa harusi au kipaimara kwa simu yako, siku nzima ya nyimbo za kuingilia ukumbini na za kukata keki, zima historia kwanza. Na ukilala weka saa ya kujizima.

Bando sasa, maana wengi hapa ndo wanakata tamaa. Hesabu yake ni rahisi. Ubora wa sauti unapimwa kwa kilobiti kwa sekunde, ukiwa 96 ambao kwa Spotify ni wa kawaida inakula kama MB 43 kwa saa, ukishusha mpaka 24 ambao ni wa chini kabisa inakula kama MB 11 kwa saa, ukipandisha 320 ambayo ni ya wanaolipia inakula MB 144. Kwa hiyo mtu kama mimi wa masaa nane kwa ubora wa kawaida ni kama MB 345 kwa siku, kwa ubora wa chini haifiki MB 90. Ubora wa chini sauti inakuwa kavu, ngoma inapoteza kifua chake, ila kwa kugundua nyimbo inatosha, ukishaipenda ndo unaisikiliza tena vizuri ukiwa na mtandao mzuri. Ingia kwenye mipangilio uchague mwenyewe, usiache kwenye otomatiki maana otomatiki ikikuta mtandao mzuri inapanda. YouTube ndo mlaji mkubwa kwa sababu ya picha, kama huangalii picha shusha ubora wa picha mpaka 144p. Na vifurushi vya usiku kama unavipata vitumie kuhifadhi, Spotify kuhifadhi nyimbo kwenye simu ni kwa wanaolipia, zingine zina taratibu zao, soma kwanza kabla hujategemea.

Hifadhi kabla ya safari. Treni ya SGR ya Dar ikifika kule kwenye mahandaki ya Kilosa mtandao unakata, barabara ya kwenda Kondoa nako kuna sehemu simu inakuwa jiwe tu.

Kuna nyimbo pia zitakupita ukiwa nje ya redio yako, kwenye daladala ya kwenda UDOM, dukani kwa mtu, kwenye bajaji imesimama mataa. Shazam ndo kazi yake hiyo, unaifungua inasikiliza sekunde chache inakutajia wimbo, na hata kama huna bando saa hiyo inahifadhi kile ilichosikia inakuja kukujibu ukipata mtandao. Ilianza Uingereza 2002 kwa watu kupiga simu namba 2580 na kuielekeza kwenye spika, leo ni ya Apple na inafanya kazi kwenye simu za Android pia. Nyimbo za mitaani nyingi za kwetu haizijui, hasa singeli mpya na kwaya, hapo usione haya, muulize dereva. Mi nimewauliza madereva wengi na hakuna hata mmoja aliyenikatalia, wanafurahi wenyewe mtu akiuliza.

Na stesheni ikigoma kabisa kutoka kwenye shimo lake kuna wasaidizi watatu wa bure. Last.fm redio yao waliifunga 2014 lakini tovuti ipo, andika jina la msanii inakuonyesha wanaofanana naye kwa nyayo za wasikilizaji. Music-Map ni tovuti nyepesi sana haili bando, unaandika jina moja majina mengine yanaelea kulizunguka, lililo karibu ndo linalofanana zaidi. Na ninayoipenda kuliko zote ni Radio Garden, ilitengenezwa Uholanzi ikafunguliwa 2016, unaona dunia nzima kama tufe lenye vidoti vya kijani na kila kidoti ni redio inayorusha muda huo huo, unaizungusha kwa kidole unatua Bamako unasikia mtangazaji wa Bamako anaongea na watu wake. Hiyo haijifunzi chochote kuhusu wewe, na mara moja kwa wiki ni vizuri kusikiliza kitu ambacho hakikujui. Nikisikia wimbo huko naukamata kwa Shazam kwenye simu nyingine, naupeleka kwenye stesheni yangu kama mbegu.

Kwenye kutafuta muziki wa kwetu cheza na tahajia. Andika Wagogo, andika Kigogo, Cigogo, Chigogo, Gogo peke yake, maana kila aliyeweka aliandika anavyojua. Andika jina la chombo, ilimba, zeze, au jina la ngoma, muheme, ile ambayo kinamama wanaibana ngoma katikati ya mapaja wakipiga, na nindo kwa wanaopenda kuimba. Tamasha la muziki wa Kigogo linalofanyika Chamwino limewafanya watu wengi warekodi na kuweka video, nyingine sauti yake ni nzuri mno. Ukizipata bonyeza moyo, acha maoni, sikiliza mpaka mwisho, mtumie na mtu. Hizo ndo nyayo zenyewe. Kila mtu wa Dodoma akisikiliza ngoma tano za hivi mpaka mwisho halafu akaunganisha na muziki mwingine anaoupenda, mashine itaanza kupata njia ya kuwapeleka watu wa Mwanza na wa Nairobi na wa Brazil mpaka Chamwino.

Ulizozipata zitunze. Nina pleilisti moja naiita Zizi, kila wimbo mpya ulionigusa ndani ya wiki unaingia humo bila kuchagua, Jumapili jioni nakaa nachambua, unaobaki unaenda kwenye pleilisti za kudumu, usiobaki natoa. Pembeni nina daftari la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma naandika jina la wimbo, nchi, na mbegu iliyoniletea. Ukiandika mbegu iliyokuletea, miezi sita baadaye unajua kabisa mlango gani unazaa na upi umekauka. Ilimba imenizalia kurasa mbili nzima mpaka sasa, wakati nyimbo za mapenzi za staa mkubwa nilizoanza nazo mwaka wa kwanza zimenizalia mistari mitatu.

Yule mzee wa Bahi suruali yake ilikuwa tayari toka Jumanne, akaja kuichukua Alhamisi na mjukuu wake wa sekondari, nikamuonyesha yule kijana jinsi ya kuanzisha stesheni ile ile kwenye simu yake ili babu yake awe anasikiliza nyumbani. Tukiwa tunasubiri ifunguke mzee akaniambia ana jirani yake anapiga zeze tangu ujana, anapiga jioni nje kwake, hajawahi kurekodiwa na mtu yeyote hata kwa simu. Nikamuomba anipeleke, akakubali, tumepanga Jumamosi mchana nikifunga kibanda. Nimeshaazima kile kimaiki cha kubana kwenye kola kwa kijana mmoja anayepiga picha za harusi, na memori kadi nimeifuta yote iwe tupu.